Kuchagua na Kuongoza Jeshi la Zama za Kati Mezani: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mchezo wa vita vya mezani unahitaji vitu vichache: meza, majeshi mawili ya askari wadogo waliobandikwa juu ya vibao, dadu, utepe wa kupimia, na watu wawili walio tayari kukaa pamoja kwa saa moja au mbili. Mtu anayeishi London anaweza kutengeneza jeshi moja tu, akaenda klabuni akiwa na uhakika wa kumkuta mwenzake mwenye jeshi la pili. Anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga hana uhakika huo, na kwa sababu hiyo uchaguzi wake unapaswa kuanzia mahali tofauti kabisa. Swali lake la kwanza si jeshi lipi lina nguvu zaidi, bali ni majeshi gani mawili yanayoweza kupambana tena na tena bila mchezo kuchosha, maana ni yeye atakayeyatengeneza yote mawili, na ni yeye atakayemkabidhi mgeni wake moja kati ya hayo. Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya kwanza: amua ukubwa wa mchezo na kanuni

Anza na mchezo mdogo. Kanuni za De Bellis Antiquitatis, zilizotolewa mwaka 1990 na Phil Barker na wenzake, zilithibitisha kwamba vibao 12 kwa kila upande vinatosha kuonyesha vita kamili kwenye uwanja wa sentimita 60 kwa 60. Kwa askari wenye urefu wa milimita 15, kila kibao huwa na upana wa sentimita 4. Askari watatu au wanne wanaoonekana juu ya kibao wanawakilisha kikosi cha mamia ya watu, kwa hiyo usifikirie pigano la mtu na mtu. Fikiria safu, mirengo na akiba.

Kanuni ninazopendekeza hapa nimezirahisisha kutoka kwenye msingi huohuo. Mwanzoni mwa zamu yake mchezaji hurusha dadu moja, na namba inayotokea ndiyo idadi ya amri alizonazo. Amri moja husogeza kibao kimoja, au kundi la vibao vinavyogusana na kutazama upande mmoja. Wenye mikuki na wenye panga husogea sentimita 5, wapiga mishale na askari wepesi wa miguu sentimita 7, wapanda farasi wazito, yaani wale wenye deraya, sentimita 10, na wapanda farasi wepesi sentimita 13. Mishale hufika sentimita 12. Usiupunguze umbali huo, kwa kuwa ukishuka chini ya mwendo wa farasi, wapanda farasi wazito wataanzia nje ya mishale na kuwafikia wapiga mishale kabla hawajapigwa hata mara moja, na jeshi zima la pinde litakuwa halina maana.

Vibao viwili vikigusana uso kwa uso, kila mchezaji hurusha dadu na kuongeza thamani ya kibao chake. Mwenye jumla kubwa hushinda na kibao cha adui hurudi nyuma. Jumla yake ikifika maradufu ya ile ya adui au kuzidi, kibao cha adui huondolewa mezani. Namba zikilingana, wote hubaki walipo. Anayetangulia kupoteza vibao vinne ameshindwa vita. Thamani ni hizi: wapanda farasi wazito wana 3 dhidi ya askari wa miguu na 4 dhidi ya farasi, wapanda farasi wepesi wana 2 dhidi ya wote, mikuki ina 4 dhidi ya wote, panga, yaani wapiganaji wenye deraya walioshuka kwenye farasi, wana 5 dhidi ya miguu na 3 dhidi ya farasi, wapiga mishale wana 2 dhidi ya miguu na 4 dhidi ya farasi, askari wepesi wa miguu wana 2.

Kuna mambo matatu ya kuongeza. Kwanza, kibao kinachopigana hupunguziwa 1 kwa kila upande ambao adui ana kibao cha ziada kilichosimama sambamba na mpiganaji wake bila mtu wa kukizuia. Pili, kibao kilichoguswa ubavuni au mgongoni huku kinapigana mbele huondolewa kikilazimika kurudi nyuma, kwa sababu hakina pa kurudi. Na wapiga mishale wakishindwa na farasi kwenye uwanja wa wazi huondolewa hata bila maradufu. Tatu, katika kurusha mishale, mlengwa hutumia thamani yake dhidi ya miguu na hawezi kumdhuru mpigaji, lakini hupunguziwa 1 kwa kila kibao kingine cha pinde kinachomlenga pia, hadi viwili.

Hatua ya pili: chagua majeshi mawili, si moja

Jozi ninayoipendekeza kwa yeyote anayeanza ni Waskoti dhidi ya Waingereza wa miaka ya 1298 hadi 1314. Sababu yake ni ya kihistoria na ya kimchezo kwa pamoja: majeshi haya mawili yalipambana Falkirk tarehe 22 Julai 1298 na Waskoti wakavunjwa, kisha yakapambana Bannockburn tarehe 23 na 24 Juni 1314 na Waingereza wakavunjwa, ilhali silaha za pande zote mbili zilikuwa karibu zilezile. Kilichobadilika ni uwanja, na namna makamanda walivyozitumia silaha hizo. Huwezi kupata shule bora ya mbinu kuliko jozi ambayo historia yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba kila upande unaweza kushinda.

Upande wa Waskoti tengeneza vibao tisa vya mikuki, kimoja cha wapanda farasi wepesi, kimoja cha wapiga mishale na kimoja cha askari wepesi wa miguu. Upande wa Waingereza tengeneza vinne vya wapanda farasi wazito, akiwemo kamanda, vitano vya wapiga mishale na vitatu vya mikuki. Jeshi la kwanza lina kazi moja tu, ambayo ni kusonga mbele likiwa limeshikana. Jeshi la pili lina silaha za aina tatu zinazotegemeana, na mchezaji asiyejua kuzipanga ataziona zikizuiana. Kwa hiyo mpe mgeni Waskoti katika mchezo wake wa kwanza, nawe ubaki na Waingereza.

Epuka kishawishi cha kuanza na jeshi la Wamongolia, hata kama farasi wake wanavutia macho. Jeshi lenye wapanda farasi wepesi wengi linahitaji amri nyingi kila zamu, na dadu moja haitakupa amri hizo mpaka uwe umejifunza kuzitumia chache ulizonazo.

Hatua ya tatu: tengeneza vibao

Askari wa plastiki au wa madini wanaoagizwa kutoka nje ni wazuri, lakini usisubiri mzigo. Askari wa karatasi wanafanya kazi ileile. Chora au pakua picha, zichapishe stesheneri kwenye karatasi ngumu, kata kwa wembe mpya, kunja kila mmoja awe na mbele na nyuma, kisha bandika kwenye vipande vya plaiwudi ya milimita 3. Mafundi seremala wa Iringa na Mafinga, wanaopata mbao za msindano kutoka eneo la Sao Hill, huwa na vipande vilivyobaki ambavyo kwao ni taka. Mwombe fundi akukatie utepe wa sentimita 4, kisha wewe ukate urefu unaotaka nyumbani.

Onyo moja linahusu hali ya hewa yetu. Karatasi iliyobandikwa upande mmoja tu wa kadi hujikunja unyevu unapoingia, na kuanzia Novemba hadi Mei, hasa Tukuyu na sehemu za Mufindi, unyevu hauna likizo. Bandika karatasi pande zote mbili za kadi kwa gundi nyeupe ya mbao, kandamiza chini ya vitabu usiku mzima, kisha paka vanishi tabaka mbili nyembamba. Vumbi la mbao lililochanganywa na rangi ya kijani ya maji hutoa majani ya kupendeza juu ya kibao, na ndiyo mapambo pekee ninayoyahimiza kabla ya mchezo wa kwanza. Nyuma ya kila kibao andika aina yake kwa kalamu, ili mgeni asilazimike kuuliza kila zamu.

Hatua ya nne: tengeneza uwanja kabla ya kupanga majeshi

Wachezaji wengi huweka kilima kimoja na msitu mmoja kwa ajili ya kupendezesha meza, kisha wakapigana katikati ambapo hakuna kitu. Huko ni kupoteza nusu ya mchezo. Vita vikubwa vya Zama za Kati viliamuliwa na ardhi mara nyingi kuliko na ushujaa. Courtrai, tarehe 11 Julai 1302, wapanda farasi wa Ufaransa waliwavamia wanamgambo wa miguu wa Flanders, katika Ubelgiji ya leo, waliokuwa wamesimama nyuma ya mitaro na vijito, na walipofika upande wa pili wakiwa wamevurugika, waliuawa kwa wingi. Bannockburn, Waskoti walichimba mashimo kando ya njia, na siku ya pili jeshi kubwa la Waingereza lilijikuta limebanwa kati ya vijito bila nafasi ya kujitandaza. Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, misitu miwili ililibana jeshi la Ufaransa kwenye shamba lililolimwa na kulowa mvua. Yeyote aliyewahi kuvuka shamba la Rungwe mwezi wa Machi, viatu vikiongezeka uzito kwa kila hatua, hahitaji kuelezwa kilichowapata watu waliovaa chuma.

Weka basi vitu vinne mezani: kilima kimoja, msitu mmoja, kijito kimoja na eneo moja la tope. Blanketi la kijani lililotandikwa juu ya vitabu hutoa vilima visivyo na kingo kali. Kibao kinachopigana kikiwa juu ya mteremko huongezewa 1. Msituni, tope na kijitoni mwendo hupungua kwa nusu, na farasi hupunguziwa 2 wakipigana humo. Upana wa nafasi iliyo wazi kati ya vizuizi ndio utakaoamua mchezo, hivyo upime kwa vibao. Nafasi ya sentimita 24 inabeba vibao sita tu, maana yake jeshi lenye watu wengi halitaweza kutumia wingi wake hapo.

Ili kusiwe na malalamiko, mmoja apange uwanja na mwingine achague upande wa kuanzia. Anayejua kwamba mwenzake ndiye atakayechagua hupanga kwa haki.

Hatua ya tano: panga safu

Vibao 12 vikisimama bega kwa bega hufunika sentimita 48 kati ya 60. Inavutia kuona ukuta mzima, lakini jeshi lililopangwa hivyo halina akiba, na kibao kimoja kikirudishwa nyuma hakuna wa kuziba pengo. Tumia vibao vinane mbele, viwili ubavuni kwa kazi maalumu, na viwili nyuma kama akiba. Akiba ikae karibu kiasi cha kufika mbele kwa mwendo mmoja: sentimita 5 kwa mikuki, 10 kwa farasi. Kuiweka mbali zaidi ni sawa na kutokuwa nayo.

Waingereza waweke pinde mbele ya katikati wakitanguliwa na kizuizi cha asili, na farasi nyuma yao au pembeni, kamwe si mbele yao. Farasi akisimama mbele ya pinde, ama pinde zinanyamaza au farasi anazuia njia ya mishale. Mikuki mitatu ya Waingereza ilinde ubavu ulio wazi zaidi. Waskoti wapange makundi matatu ya mikuki mitatu mitatu, yakiachana kwa nafasi isiyozidi upana wa kibao kimoja, na farasi wao wepesi wakae upande ambao pinde za adui zitakuwa. Kibao hicho kimoja kina kazi kubwa kuliko ukubwa wake, kama itakavyoonekana hapa chini.

Usianze ukiwa kwenye safu ya barabarani, kibao nyuma ya kibao, hata kama uwanja una barabara nzuri inayoongeza mwendo. Watu wa Iringa wanalijua somo hili kutoka Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikishambulia kutoka pembeni kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kikiwa safarini, na Zelewski mwenyewe akauawa. Safu ndefu ina uso wa mtu mmoja na ubavu wa jeshi zima.

Hatua ya sita: piga vita

Hapa ndipo pa kutulia, kwa kuwa mbinu zote za mchezo huu zinatokana na hesabu ya dadu mbili, na hesabu hiyo ikikaa kichwani, maamuzi mengi huja yenyewe.

Chukua wapanda farasi wazito wanaowakabili wapiganaji wa panga. Kila upande una thamani ya 3. Dadu mbili zina matokeo 36, na kati ya hayo ni 2 tu yatakayompa mshambuliaji maradufu. Ukiongeza kibao kimoja pembeni yake, adui akapunguziwa 1, matokeo ya kuangamiza yanakuwa 6. Ukiweka pande zote mbili, yanakuwa 12. Yaani kazi ya vibao viwili ambavyo havirushi dadu yoyote imeuongeza uwezekano wa kuangamiza mara sita. Hii ndiyo sababu mchezaji mzuri hashambulii kwa upana wa safu yake yote kwa wakati mmoja. Hutafuta sehemu moja ambapo vibao vyake vitatu vitakutana na kimoja cha adui, na kwingine kote huzuia tu.

Hesabu ya mishale inafuata mkondo huohuo. Kibao kimoja cha pinde kikiwalenga wapanda farasi wazito peke yake kina matokeo 4 kati ya 36 ya kuwaangamiza. Kikisaidiwa na kingine yanakuwa 9, na vikiwa vitatu yanakuwa 15. Mchezaji anayegawa pinde zake tano kwa walengwa watano hupata kelele nyingi na ushindi mdogo. Elekeza tatu kwa kibao kimoja mpaka kiondoke, kisha hamia kinachofuata.

Dhidi ya mikuki, mishale inaonekana dhaifu, na kwa kweli pinde tatu zikikilenga kibao kimoja cha mikuki zina matokeo 4 tu ya kukiangamiza. Lakini zina matokeo mengine 11 ya kukirudisha nyuma, na kurudi nyuma huko ndiko kunakofungua mlango. Kibao cha mikuki kilichokamilika safuni kina 4 dhidi ya 3 ya farasi mzito, na farasi hushinda katika matokeo 10 tu kati ya 36. Jirani yake akisukumwa nyuma kwa mishale, farasi wa pili anaweza kusimama kwenye pengo hilo, na ushindi unapanda hadi 15. Majirani wote wawili wakisukumwa, unafika 21. Ndivyo ilivyokuwa Falkirk. Farasi wa Edward wa Kwanza, mfalme wa Waingereza, hawakuweza kuivunja mikuki ya William Wallace, kiongozi wa Waskoti, ilipokuwa imeshikana, lakini waliwaondoa wapanda farasi na wapiga mishale wa Waskoti waliokuwa wakiilinda, kisha mishale ya Waingereza ikatoboa matundu, na farasi wakaingia. Anayecheza Waingereza afuate mpangilio huohuo bila haraka: ondoa farasi wepesi wa adui, piga mishale zamu mbili au tatu, halafu ndipo uvamie, ukilenga pengo na si ukuta.

Anayecheza Waskoti ajue kwamba kusimama kusubiri ni kufa polepole. Mikuki yake isogee kila zamu, hata kama ana amri moja tu, na amri hiyo moja itatosha ikiwa makundi yake yameunganishwa kuwa kundi moja refu katika hatua za mwanzo. Kwa mwendo wa sentimita 5, eneo la mishale la sentimita 12 linamchukua zamu tatu kulivuka. Wakati huohuo farasi wake wepesi wazunguke.

Mchezo mmoja niliousimamia Uyole, kati ya mwanafunzi wa ualimu na kaka yake, ulionyesha jambo hili kwa uwazi. Kaka aliyekuwa na Waingereza aliona mikuki ya mdogo wake imevurugika upande wa kulia, akapeleka farasi wote wanne huko kwa amri moja. Hesabu yake ya upande ule ilikuwa sahihi. Lakini mwisho wa mstari wa pinde ukabaki bila mlinzi, na kundi la mikuki la katikati lilikuwa sentimita 4 kutoka hapo. Dada alipata 2 kwenye dadu. Akatumia amri ya kwanza kuigusisha mikuki na pinde, na ya pili kumpitisha farasi mwepesi sentimita 13 kamili hadi ubavuni mwa kibao cha mwisho. "Kaka, hapo hana pa kurudi," akamwambia, na wote wawili wakainama kuhakikisha kwa utepe. Mpiga mishale ana 2 dhidi ya miguu, akipunguziwa 1 kwa sababu ya kibao cha ziada cha adui pembeni yake anabaki na 1, na mikuki ina 4. Matokeo 30 kati ya 36 ni ushindi wa mikuki, na kila ushindi hapo ni kibao kilichoondoka. Zamu iliyofuata kibao jirani kikawa ndicho cha mwisho, na hesabu ikaanza upya. Bannockburn, farasi wepesi wa Sir Robert Keith waliwatawanya wapiga mishale wa Waingereza namna hiyohiyo, wakati mikuki ya Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, ikiendelea kusukuma katikati.

Kuhusu amri, kumbuka kwamba wastani wa dadu moja ni tatu na nusu, na kwamba mara moja katika sita utapata amri moja pekee. Kabla ya kurusha dadu, jiulize ungefanya nini kama ungepata 1. Ukishindwa kujibu, jeshi lako limegawanyika mno. Mpangilio wangu wa kutumia amri ni huu: kwanza kuokoa kibao kinachokaribia kuguswa ubavuni, pili kukamilisha shambulio lililokwisha kuanza, tatu kusogeza akiba, na mwisho kuanza jambo jipya.

Akiba itumike mara moja na kwa uamuzi. Wengi huiingiza kipande kipande kuziba kila tundu, mpaka siku ya kuhitajika haipo. Ikiwa umepoteza vibao viwili na adui amepoteza viwili, hapo ndipo mahali pake: tafuta kibao cha adui kilicho wazi pembeni, weka vyako viwili vya akiba kando ya mpiganaji wako, na ufanye ile hesabu ya 12 kati ya 36 ikufanyie kazi. Kurudi nyuma kwa hiari nako si aibu. Sentimita 5 za kurudi kwa amri moja zinaweza kukuingiza nyuma ya kijito na kumlazimisha adui aje kwako akiwa amepunguziwa.

Hatua ya saba: badilishaneni majeshi, kisha ongezeni

Mchezo ukiisha, rudisheni vibao mahali pa kuanzia, mbadilishane pande na mcheze tena kwenye uwanja uleule. Hii ndiyo faida kubwa ya kumiliki jozi: kila mmoja anajionea mwenyewe matatizo ambayo mwenzake alikuwa akiyalalamikia. Andikeni kwenye daftari aina ya uwanja, aliyeshinda na kibao cha kwanza kuondoka.

Upanuzi wenye gharama ndogo ni kuongeza Wafaransa wa 1415, kwa sababu wapiga mishale wa Kiingereza unao tayari. Ongeza vitatu vifike vinane, na vinne vya panga. Wafaransa wawe na sita vya panga, vitatu vya farasi wazito, viwili vya pinde za mtambo na kimoja cha askari wepesi. Tengeneza kanuni ya miti iliyochongwa: wapiga mishale waliotumia amri kuikita mbele yao, na hawajasogea tangu hapo, hawaondolewi na farasi bila maradufu. Wasioikita mapema watajua gharama yake, kama ilivyokuwa Patay tarehe 18 Juni 1429, ambapo wapanda farasi wa Ufaransa waliwakuta Waingereza kabla hawajajipanga.

Wahusi, yaani wafuasi wa mhubiri Jan Hus wa Bohemia (Ucheki ya leo), na magari yao ya vita, ambao Jan Žižka aliwaongoza Sudoměř mwaka 1420, ni wagumu kushindwa lakini huchosha mgeni, kwa kuwa hukaa walipo na kumlazimisha mwenzao afanye kazi yote; waache mpaka uwe na wapinzani wenye uvumilivu. Wamongolia na Wamamluki wa Misri, kwa mfano wa Ain Jalut ya tarehe 3 Septemba 1260, wanastahili nafasi pindi wachezaji wote wawili wanapoweza kutumia amri mbili vizuri. Ruhusu farasi wepesi wasogee mara mbili katika zamu moja kwa kulipa amri mbili, na uwanja uwe mpana na mtupu kama mbuga za Usangu wakati wa kiangazi.

Mimi binafsi ningependa kuona meza nyingi zaidi zenye majeshi ya Afrika. Mfalme Amda Seyon wa Ethiopia alitawala kuanzia 1314, mwaka uleule wa Bannockburn, hadi 1344, na mwaka 1332 alipigana na usultani wa Ifat. Kwa pande zote mbili anza na vibao vinne vya wapanda farasi wepesi, vinne vya mikuki na ngao, vitatu vya wapiga mishale na kimoja cha farasi wazito kwa ajili ya kamanda, kisha uwape Waethiopia nyanda za juu zenye vilima viwili na Ifat chaguo la nani aanze. Uwanja wa vilima viwili ni rahisi kuutengeneza: vitabu vya shule chini, blanketi juu, na utepe wa kitambaa cha buluu katikati kwa ajili ya mto.